Njoo Inboksi

Kuna maneno mawili yaliyourudisha nyuma ufundi wa kompyuta katika nchi hii kuliko mgao wa umeme, na kila aliyewahi kuandika programu akakwama anayajua. "Njoo inboksi."

Unauliza mbele ya watu mia mbili, na wengi wao wanazijua kanzidata kukuzidi. Una jedwali la wateja 300 na jedwali la matawi 30, umeyaunganisha, na badala ya mistari 300 umeletewa 9,000. Umeangalia hadi macho yamechoka. Dakika tano kimya. Kisha anajitokeza mkuu mmoja mwenye heshima zake, anaandika njoo inboksi, watu wawili wanampigia dole gumba, na mjadala unaishia hapo. Huko faraghani utaambiwa kwamba umesahau kuieleza mashine safu ipi ya jedwali hili inalingana na safu ipi ya lile, kwa hiyo imemwoanisha kila mteja na kila tawi, 300 mara 30. Sisi tuliobaki hatutaambiwa. Kesho kutwa mmoja wetu atauliza swali lilelile, naye ataitwa inboksi.

Nasema huu si msaada. Nasema hivyo hata kwa siku ambazo jibu la huko lilikuwa sahihi, lilitolewa bure, na aliyelitoa ni mtu mwema.

Nianze na sababu ya kiufundi. Jibu la inboksi halina shahidi. Mwaka jana niliombwa kuangalia mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho mhasibu wake alikuwa hapatani na kompyuta. Daftari lake la mkono lilisema hivi, skrini ikasema vile, na tofauti ilikuwa shilingi moja, mbili, wakati mwingine nne. Wenzake walimcheka. Mama wa watu, shilingi mbili hata pipi hununui! Lakini mhasibu ni mhasibu, na alikuwa sahihi. Kijana aliyejenga mfumo alikuwa amehifadhi salio za wanachama katika aina ya namba inayoitwa FLOAT, ya biti 32. Namba za aina hiyo zinahifadhi namba nzima zote kwa uhakika hadi 16,777,216. Baada ya hapo zinaanza kuruka. Mwanachama mwenye shilingi 16,777,217 hawezi kuandikwa humo; anaandikwa 16,777,216, na hakuna kengele inayolia. Kadiri fedha zinavyozidi, ndivyo hatua za kuruka zinavyopanuka. Kwa sarafu ambayo mshahara wa mwezi una tarakimu nne, kosa hili linaweza kujificha muda mrefu. Kwa shilingi yetu, ambayo kiwanja cha kawaida tu kinasomeka kwa mamilioni, halina pa kujificha.

Nilimuuliza kijana alipopata wazo hilo. Akaniambia aliuliza, na mkuu mmoja akamweleza inboksi kwamba fedha zina senti, senti ni desimali, kwa hiyo aweke FLOAT. Ukiisikia haraka inaingia akilini. Sasa fikiria mkuu yule angeandika maneno hayohayo mbele ya watu mia mbili. Isingepita robo saa kabla ya watu watano kumrukia: kaka, fedha ni DECIMAL, au hifadhi kwa namba nzima, FLOAT iache kwa vipimo vya joto. Pengine angenuna kidogo. Lakini fedha za kina mama wa pale sokoni zingekuwa salama. Jibu baya lililotolewa hadharani hukosolewa siku hiyohiyo. Jibu baya la faraghani hujengewa mfumo juu yake.

Kuna swali lingine ambalo nimeliona likiulizwa mara nyingi kiasi kwamba ninaweza kulijua kwa mstari wake wa kwanza: wakuu, mfumo wangu unagoma kila nikisajili jina lenye ng'. Mgonjwa anaitwa Ng'wandu, mfumo unagoma. Mteja ametokea Ng'ambo, mfumo unagoma. Juma na Asha wanapita bila shida.

Majibu nayo yamezoeleka. Mmoja husema kasome. Mmoja husema, acha kuandika ile alama ya juu, andika Ngwandu, mbona ni kitu kidogo. Wa tatu anamwita inboksi.

Yule wa pili ndiye ananikera zaidi, maana ushauri wake unafanya kazi. Ukiondoa ritifaa, mfumo unaacha kugoma. Muulizaji anashukuru na kwenda zake. Lakini kilichokuwa kinatokea ni hiki: SQL hutumia ritifaa hiyohiyo kuonyesha mahali maandishi yanapoanzia na yanapoishia. Kijana wetu aliandika amri yake kwa kubandika jina la mgonjwa katikati ya maneno ya amri, kama mtu anayejaza nafasi kwenye barua. Kwa hiyo mashine ikasoma 'Ng', ikaona ritifaa, ikadhani jina limekwisha. Mbele yake ikakutana na wandu, neno ambalo kwake halina maana yoyote, kisha ritifaa nyingine inayofungua maandishi yasiyofungwa kamwe. Ikagoma, na ilikuwa na haki.

Sasa, kama herufi za mgonjwa asiye na hatia zinaweza kutoka ndani ya jina na kuingia ndani ya amri, herufi za mwizi pia zinaweza. Mwizi atajaza kwenye kisanduku cha jina maneno ya SQL, na mashine itayatii kana kwamba yameandikwa na mwenye mfumo. Mbinu hii imeandikwa hadharani tangu 1998. Oktoba 2015 kampuni ya mawasiliano ya TalkTalk ya Uingereza iliingiliwa kwa njia hiyo, taarifa za wateja karibu 157,000 zikachukuliwa, na mwaka uliofuata ikatozwa faini ya paundi 400,000. Hao walikuwa na fedha na wataalamu. Kwa hiyo bwana Ng'wandu, kwa kuwa tu anaitwa alivyoitwa na wazee wake, alikuwa amegundua bure tundu ambalo kampuni hulipa watu kulitafuta. Na sisi tukamwambia abadilishe jina.

Dawa yake inaeleweka kwa mistari miwili. Usibandike jina ndani ya amri. Andika amri ikiwa na alama ya kuuliza mahali pa jina, kisha lipeleke jina peke yake, na kanzidata italipokea kama jina hata liwe na ritifaa kumi. Hakuna lugha ya programu inayotumika kwetu leo isiyo na njia ya kufanya hivyo. Halafu kuna kamtego kengine ambako Waairishi wenye O' zao wanakajua pia: simu nyingi, zikijiona zina adabu, hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Kwa macho yako Ng'wandu na Ng’wandu ni mtu mmoja. Kwa kanzidata ni wawili, na mgonjwa anafunguliwa faili la pili siku anayoandikishwa kwa simu. Amua moja, geuza zote ziwe hiyo kabla ya kuhifadhi.

Kuhusu ushauri wa kuifuta, nitasema neno moja la Kiswahili kisha niendelee. Kung'oa ni kuchomoa kitu na mzizi wake. Ngoa ni tamaa, au wivu. Anayeona ritifaa ni kitu kidogo amekwenda shule gani?

Najua la kunijibu mnalo tayari: mtu lazima ale. Maarifa yana gharama, vifurushi vya intaneti havitolewi bure, na kuna watu wamegeuza wenzao kuwa mafundi wasiolipwa. Nakubali, na sina ugomvi na anayelipwa kwa kazi. Ukimjengea mtu mfumo, mtoze. Ukimkarabatia, mtoze tena. Ukikesha naye kwa sababu seva yake imekufa na bakapu hana, mtoze mara mbili. Lakini kumwambia mtu kwamba fedha haziwekwi kwenye FLOAT si kazi ya kutoza, ni maneno ishirini. Na tuangalie tunachokula sisi wenyewe. PostgreSQL ilianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, na leo unaipakua bila kumlipa mtu. SQLite iliandikwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, akaiachia dunia nzima bila hata kujibakizia hakimiliki. Imo ndani ya simu yako sasa hivi. WhatsApp kwenye simu ya Android huhifadhi ujumbe wako kwenye faili la SQLite. Yaani mkuu anapoandika "njoo inboksi, ni elfu kumi tu," maneno yenyewe yanahifadhiwa ndani ya kanzidata ambayo mwenye kuiandika aliigawa bure.

Mimi ni mwanamke, na kwa upande wetu neno inboksi lina kurasa nyingine. Nikiuliza jambo la faharasa, inboksi yangu hujaa kabla swali halijajibiwa. Wa kwanza anataka kujua nasoma chuo gani. Wa pili anaomba namba ili anielekeze vizuri kwa sauti. Wa tatu jibu analo kweli, ila angependa tulizungumze tukiwa tumekaa mahali. Nilianza shahada ya kwanza na dada mmoja aliyekuwa na jicho la majedwali kuliko mimi. Ungemchorea biashara yoyote kwa mdomo, naye angekwambia ina majedwali mangapi na yameshikana wapi. Aliacha kuuliza. Kisha akaacha kuandika programu. Sasa anauza bima, na sidhani kama SQL ndiyo iliyomshinda. Wale mnaosema wasichana hawapendi kanzidata, hesabuni kwanza milango mliyowaachia, na kila mlango unaelekea wapi.

Yule wa "kasome" naye nina neno naye, ingawa ninamheshimu kidogo kuliko wengine. Anachosema ni kweli, nyaraka zipo, na za PostgreSQL zimeandikwa vizuri ajabu. Zimeandikwa kwa Kiingereza. Sisi tunafundishwa kwa Kiingereza, tunajibu mtihani kwa Kiingereza, halafu tunaelewa kwa Kiswahili, kwenye korido, pale mwenzako anapokushika mkono na kukuambia hebu ngoja nikueleze. Kuna mambo ambayo mtu ameyasoma mara nne na hayajawahi kumwingia. NULL ni mojawapo. Nimekaa na watu wenye shahada, wanaojua kuitamka na kuitumia, na ukiwauliza ni nini wanasema ni sifuri, au ni nafasi tupu.

Chukua hili. Umeiomba kanzidata ikuletee wanafunzi wasiokuwemo kwenye orodha ya waliolipa ada. Unajua wapo kama arobaini, umewaona kwa macho wakizunguka bila vitambulisho. Mashine inakuletea sifuri. Haitoi hitilafu, haikukemei, inasema tu hakuna. Unarudia, hakuna. Unaanza kuamini kwamba wote wamelipa.

Mimi huwa naeleza hivi. Mwalimu wa zamu ana karatasi ya waliolipa, na mstari mmoja umemwagikiwa chai, jina halisomeki. Unamuuliza: Asha hayumo humu? Anapitia majina yote, Asha hamuoni, lakini akifika kwenye doa la chai anasita. Huenda hapa paliandikwa Asha. Siwezi kuapa kwamba hayumo. Unamuuliza Juma, anakujibu vivyo hivyo. Kila mtoto asiyemwona, doa lile linamzuia kuapa. Na kanzidata hukuletea wale tu inayoweza kuwaapia. Doa moja la chai limewafuta watoto arobaini. Hiyo ndiyo NULL: si sifuri, wala si nafasi tupu, ni "sijui." Kwa hiyo, ukitumia NOT IN, ondoa kwanza mistari yenye madoa kwenye ile orodha, au tumia NOT EXISTS, ambayo huuliza kwa namna nyingine: je, kuna mstari wowote unaosomeka wazi kuwa ni Asha? Haupo. Basi mlete.

Maelezo hayo nimeyatoa mara nyingi, na sijakutana na mtu aliyeyasahau. Sidai kuwa ni ya ajabu. Nadai kwamba kila mmoja wetu ana yake ya namna hiyo, aliyoyapata kwa jasho, na mengi yamezikwa kwenye mazungumzo ya watu wawili ambayo hata wao hawawezi kuyapata tena wakibadilisha simu.

Waulizaji nao wasikae wakicheka, kana kwamba nawatetea. Wapo wanaopiga picha skrini ya kompyuta kwa simu, kwa pembeni, taa ikiwaka juu yake, wakaituma bila neno lolote isipokuwa "wakuu?" Hujui ni kanzidata gani, hujui alitarajia nini, ujumbe wa hitilafu umekatwa katikati. Wapo wanaotaka msimbo wote, maana kesho wanawasilisha. Mtu akikuuliza majedwali yako yakoje, anajibu ni ya kawaida tu. Hakuna majedwali ya kawaida, ndugu yangu. Weka majina ya safu, weka mistari mitatu ya mfano uliyoitunga, usiweke majina ya wagonjwa wa kweli, sema ulichotaka kuona na ulichoona. Anayejibu anatumia jioni yake.

Na mbaya kuliko wote ni yule anayerudi baada ya saa mbili akaandika: "Nimeshapata, asanteni." Umepata nini? Umepataje? Watu kumi na mmoja wamejikuna vichwa pamoja nawe, wawili wamejaribu kwenye mashine zao, na wewe umechukua jibu ukaondoka nalo kama mtu aliyeokota pochi. Huyo na mkuu wa inboksi ni ndugu.

Mwenzangu mmoja wa darasani anaona nahangaikia jambo lililopitwa na wakati. Anasema siku hizi mtu anaiuliza akili mnemba, inamjibu usiku wa manane, kwa Kiswahili, bila kumwomba namba ya simu. Hoja yake ni nzuri, na kwa wasichana ni nzuri zaidi. Naitumia mwenyewe. Lakini akili mnemba zimejifunza kutokana na maandishi ya watu waliokaa wakawajibu wenzao hadharani kwa miaka mingi. Kilichojibiwa inboksi hakikumfundisha mtu wala mashine. Na sijui mashine itasemaje pale inapokosea kuhusu FLOAT na hakuna mhasibu karibu. Mtu anayejua kwamba shilingi zetu huvuka milioni kumi na sita kabla hujamaliza kununua tofali, ni mtu wa hapa. Asipoyaandika yeye, asitegemee yataandikwa na mwingine.

Tangu mwanzoni mwa muhula huu, anayenijia inboksi na swali la kanzidata namjibu kwa mstari mmoja: rudi ukaliulize pale mbele, nitakujibu hapohapo. Wengi hupotea. Wanaona aibu, au wanaona najidai, na mmoja aliniambia elimu imenipanda kichwani. Wiki iliyopita mmoja alirudi. Ripoti yake ya mauzo ya mwaka 2024 ilikuwa inachukua sekunde arobaini, ingawa safu ya tarehe aliiwekea faharasa. Kwenye amri yake alikuwa anaitoa YEAR kutoka kwenye kila tarehe, kisha anailinganisha na 2024.

Nilianza kuandika. Kabla sijamaliza, akatangulia mtu nisiyemjua, anayesema ana duka la vipuri Kahama na amejijengea mfumo wa stoo yake mwenyewe. Aliandika hivi: "Dogo, faharasa ni kama kamusi. Nikikwambia nitafutie maneno yanayoanzia ba mpaka kabla ya cha, unafungua ukurasa mmoja unasoma kwenda mbele. Nikikwambia nitafutie maneno ambayo ukiyasoma nyuma mbele yanaanza na o, utasoma kamusi nzima. Wewe unaigeuza kila tarehe kwanza ndiyo unaiangalia. Iache tarehe kama ilivyo, iambie ianzie 2024-01-01 na iishie kabla ya 2025-01-01."

Dogo akajaribu, akarudi kutuambia ripoti imefunguka kabla hajaondoa kidole. Watu wengine wanne wakasema wanakwenda kubadilisha za kwao. Mimi nilikuwa nimeandika nusu ya jibu langu, lenye maneno mengi zaidi. Nikalifuta.